Mwalimu Afungapo Skuli

Watu wengi huwatazama walimu mwezi wa Desemba kwa jicho la husuda. Husema: "Hawa wamekwisha funga, sasa kazi yao ni kula na kulala." Sisi tulio katika kazi hiyo, hapa Tengeru chini ya Mlima Meru, twaona yafaa tueleze Desemba yetu ilivyo. Na mwishoni tutaungama kosa letu moja, huenda likamfaa msomaji mwenye watoto.

Skuli za msingi, kwa desturi, hufungwa katika siku za mwanzo za Desemba. Kabla ya hapo ipo mitihani ya mwisho wa mwaka, nayo husahihishwa usiku, watoto wa nyumbani wamekwisha lala. Alama sharti zijumlishwe, ripoti zijazwe, na vitabu vihesabiwe na kurudishwa kabatini. Mwenye darasa la watoto themanini hujaza ripoti themanini.

Kisha huja siku ya kufunga, na wazazi huitwa. Baadhi huja, wengine humwachia mtoto achukue ripoti yake mwenyewe. Na yule ajaye, swali lake la kwanza ni hili: "Amekuwa wa ngapi?" Ni wachache mno waulizao: "Je, anajua kusoma?" Nasi kwa uchovu, na pengine kwa haya, hujibu lile tuliloulizwa tu.

Skuli ikiisha fungwa, hufuata safari. Wenyeji wa hapa, Wameru, wengi wao ni Wakristo, na Desemba kwao ni mwezi wa Krismasi. Sisi sikukuu zetu zafuata mwezi mwandamo, na mwaka wake hupungukiwa na siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani iliangukia Desemba mwaka 1999, nayo yatarajiwa kuigusa tena mwaka 2030. Lakini likizo ya skuli haingoji mwezi kuandama, nasi huitumia kuunga udugu. Basi mabasi yanapopandisha watu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, sisi twateremka kwa njia hiyo hiyo, twaenda kwa wazee wetu Tanga, na mkungu wa ndizi tulioununua katika soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi.

Mwalimu afikapo kwao hapumziki. Kila mwenye jambo humjia. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada na michango ya lazima, tangu skuli ya msingi hata kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi. Mpwa huyu hana viatu, binamu yule hana sare. Mshahara wa Desemba hugawanyika kabla haujafika mkononi.

Hayo yote twayastahimili, kwani ni haki ya jamaa. Lililotuumiza ni jingine.

Mwaka mmoja, tulipokuwa kwa wazee, mama yetu alimwita mjukuu wake, mtoto wetu aliyekuwa amemaliza darasa la tatu, akampa bahasha ya dawa amsomee. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, tena machache. Mtoto aliitazama, akaigeuza, akanyamaza. Tukadhani anaona haya. Tukamhimiza. Ndipo machozi yakamtoka.

Mama akatuambia kwa upole: "Mwanangu, watoto wa watu umewasomesha. Huyu wako umemwachia nani?"

Hatukuwa na la kujibu. Ripoti yake tulikuwa nayo mkobani. Ilisema amekuwa wa 19 katika watoto 70, nasi tulikuwa tumeridhika. Hata sisi, tuwalaumuo wazazi, tuliuliza nambari tusiulize elimu. Mtoto alikuwa amehifadhi kurasa za kitabu kwa masikio, akiwafuatisha wenzake, nasi tulipomsikia tukidhani anasoma.

Tangu siku ile tuliweka nusu saa kila asubuhi baada ya chai. Tulianza na silabi, tukaenda kwenye maneno, kisha sentensi. Tulimtaka asome kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake alichokisoma, maana kutamka si kufahamu. Saa zake za chuoni za kusoma Kurani hatukuzigusa. Hata likizo ilipokwisha hakuwa hodari, la, lakini aliweza kumsomea bibi yake bahasha, neno kwa neno, na mama akaitikia kila neno kwa "Naam."

Tengeru yenyewe ina funzo katika jambo hili. Mwaka 1942 walianza kuletwa hapa wakimbizi wa Poland, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Muungano wa Sovieti. Kambi yao ilifikia watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Nchi yao ilikuwa mikononi mwa wengine. Lakini katika kambi hiyo mlikuwa na skuli za watoto. Makaburi yao yangalipo Tengeru hata leo. Ikiwa aliyepoteza nchi hakuacha kumsomesha mwanawe, sisi tulio majumbani mwetu tuna udhuru gani?

Basi, ndugu msomaji, Desemba ijapo, nenda skuli siku ya kufunga, wala usimtume mtoto peke yake. Muulize mwalimu mtoto wako anaweza nini na amekwama wapi. Fedha za sare na madaftari ziweke kando kabla ya nauli na zawadi, kwani Januari haina huruma. Na kila siku ya likizo mpe mwanao nusu saa akusomee. Nawe kama hujui kusoma, msikilize tu, kisha umwambie akueleze.

Mwenyezi Mungu atujaalie sisi walimu tusiwe kama taa imulikayo ya jirani na nyumba yake imo gizani. Amin.