Blokcheni Ni Shahidi, Si Ghala: Hesabu ya Kumbukumbu za Kudumu Dandora

Mali bila daftari hupotea bila habari, na jijini Nairobi ni mitaa michache inayoujua msemo huo kwa undani kama Dandora. Mtaa wenyewe ulianzia kwenye daftari. Katikati ya miaka ya 1970, Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilipima ploti 6,000 za mita za mraba 100 hadi 160, likaweka maji, choo na bafu, kisha likamwachia kila aliyebahatika kujijengea vyumba vyake. Alichoondoka nacho ofisini kilikuwa barua ya kugawiwa ploti. Nakala ya pili ilibaki kwa Baraza. Tangu hapo ploti zimerithiwa, zimeuzwa kwa makubaliano ya kuandikiana, na nyingi zimepandishwa magorofa ya wapangaji. Nakala ya ofisini nayo imebadilisha walinzi. Baraza lilitoweka mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, na kati ya 2020 na 2022 kazi ya mipango ya jiji ilikuwa mikononi mwa NMS, idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, kabla ya kurudi City Hall. Kila makabidhiano ya namna hiyo hufungua mwanya wa karatasi kupotea, na mwanya wa karatasi nyingine kuzaliwa leo ikiwa na tarehe ya juzi.

Katika mwanya huo ndipo biashara mpya inapobisha hodi. Kwa karibu miaka kumi sasa, kampuni za teknolojia zimekuwa zikiahidi Wakenya kumbukumbu zisizofutika: hatimiliki, vyeti vya shule, mikataba na hesabu za vyama, vyote viwekwe kwenye blokcheni ya umma. Serikali yenyewe ilivutiwa. Mwaka 2018 iliunda jopo lililoongozwa na Profesa Bitange Ndemo kuchunguza teknolojia hii, na ripoti ikatoka mwaka 2019. Ahadi hiyo ina msingi. Blokcheni ya umma ni daftari moja lenye nakala katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila ukurasa wake hubeba alama ya ukurasa uliotangulia, hivi kwamba anayetaka kuchezea mstari wa zamani hulazimika kuandika upya kurasa zote zilizofuata huku wenzake wakimtazama. Daftari la Bitcoin limeandikwa hivyo tangu Januari 3, 2009. Lakini wauzaji wengi wanauza bidhaa isiyo sahihi. Wanaiuza blokcheni kama ghala la kutunzia nyaraka, ilhali thamani yake kwa mtaa kama Dandora iko katika kazi nyingine kabisa, yaani kuwa shahidi wa tarehe na maandishi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua bei, sheria, na ni nani atakayefaidika.

Tuanze na bei, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya ghala inapoanguka mapema. Kwenye mtandao wa Ethereum, kuandika kipande cha baiti 32 katika hifadhi ya kudumu hutozwa vipimo 20,000 vya gesi, ambayo ndiyo ada ya kazi ya kompyuta. Picha ya kawaida ya ukurasa mmoja wa barua, yenye kilobaiti 300, ina vipande 9,600 vya namna hiyo, kwa hiyo inahitaji vipimo milioni 192. Kwa miaka kadhaa ukomo wa bloku nzima, yaani ukurasa mmoja wa daftari la mtandao, ulikuwa milioni 30, maana yake picha hiyo moja ingemeza bloku zaidi ya sita. Kwa ada ya gwei 10 kwa kipimo (gwei ni sehemu ya bilioni moja ya Ether, sarafu ya mtandao huo), ambayo kwa miaka kadhaa haikuwa ya juu, gharama ni karibu Ether 2. Na hata tukihesabu Ether moja kwa dola 1,500 tu, mwenye ploti angelipa zaidi ya shilingi 370,000 kuhifadhi karatasi moja. Kuna njia za nafuu, ila nafuu yenyewe ina masharti. Tangu Machi 2024 Ethereum ina sehemu ya bei ya chini ya kubebea data nyingi, lakini data hiyo hutupwa baada ya siku 18 hivi. Mtandao wa Arweave, uliozinduliwa mwaka 2018, hutoza mara moja na kuahidi kutunza faili kwa vizazi, ahadi inayotegemea bei ya vifaa vya kuhifadhia iendelee kushuka na sarafu ya mtandao huo iendelee kuwa na thamani. Anayenunua kudumu kwa bei hiyo amenunua matumaini pamoja na faili.

Shahidi, kwa upande mwingine, ni wa bei ya chee. Faili yoyote, iwe barua ya ukurasa mmoja au daftari zima la chama, inaweza kupitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-256 ikatoa alama ya herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja kwenye faili na alama yote inabadilika; ukiwa na alama pekee, huwezi kuirudisha kuwa faili. Wazo la kuitangaza alama ili kuthibitisha tarehe limetangulia Bitcoin. Stuart Haber na W. Scott Stornetta walilieleza mwaka 1991, na kampuni yao ya Surety ikaanza mwaka 1995 kuchapisha alama kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times, kwa hesabu kwamba hakuna mdanganyifu atakayeweza kukusanya na kuchoma nakala zote za gazeti. Blokcheni ya umma ni gazeti hilo katika umbo jipya. Huduma ya wazi ya OpenTimestamps, iliyoanzishwa na Peter Todd mwaka 2016, hukusanya alama nyingi, huzifunga pamoja kuwa alama moja, na kuiandika hiyo moja katika Bitcoin. Mwombaji halipi chochote. Katika uchaguzi wa Guatemala wa mwaka 2023, fomu za matokeo zilipigwa muhuri kwa njia hiyo. Fomu zenyewe zilibaki zilikokuwa, na kilichokwenda kwenye mnyororo, yaani blokcheni, ni ushahidi kwamba zilikuwepo siku ile, zikiwa hivyo zilivyo.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni kwamba shahidi huyu hajui ukweli. Ukimpelekea barua ya kughushi ataipiga muhuri kwa uaminifu uleule. Katika sekta ya ardhi ya Kenya hilo si jambo dogo. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki peke yake haitoshi ikiwa mzizi wake ni mbovu: mahakama itafuata nyayo kuanzia ugawaji wa kwanza. Kwa hiyo anayemwahidi mwenye ploti kwamba blokcheni itathibitisha umiliki wake anampotosha. Hata hivyo uamuzi huohuo ndio unaompa shahidi kazi. Mahakama ikitaka nyayo, swali la kwanza ni karatasi gani ilikuwepo lini. Ugawaji wa mara mbili, yaani ploti moja kwa watu wawili, mara nyingi hutegemea mtu kuweza kurudisha tarehe nyuma, na tarehe ni kitu ambacho mnyororo hauruhusu kirudishwe. Barua ya mwaka 1977 haiwezi tena kupata muhuri wa mwaka 1977. Lakini ikipigwa muhuri leo, karatasi itakayozuka mwaka 2030 na kudai ilikuwepo zamani itakuwa na maswali ya kujibu.

Pingamizi la pili husema serikali tayari ina mfumo. Ardhisasa, iliyozinduliwa Aprili 2021 ikianzia na Nairobi, imeingiza kumbukumbu za ardhi kwenye kompyuta; ya nini kwenda kuhangaika na mtandao wa wageni? Jibu ni kwamba anayeendesha mfumo ndiye anayeweza kuubadilisha, na raia hana njia yake mwenyewe ya kujua kama umebadilishwa. Uchaguzi wa mwaka 2022 ulionyesha nguvu ya kinga ya wazi. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoweka kwenye tovuti fomu za matokeo, 34A, kutoka vituo vya kura 46,229, magazeti, vyama na watu binafsi walijumlisha wenyewe, bila blokcheni yoyote. Mtu atauliza basi blokcheni ina faida gani. Faida inaanza siku tovuti inapozimwa: aliyejiwekea nakala hubaki na faili ambayo mpinzani wake anaweza kudai ameichezea, isipokuwa alama yake iwe imeandikwa mahali pasipo na mwenyewe. Estonia imezilinda kumbukumbu zake za serikali kwa falsafa hiyo. Serikali inabaki na daftari, ila inajifunga mikono kwa kutangaza alama. Ardhisasa na kaunti vinaweza kufanya hivyo kila jioni kwa mstari mmoja wa herufi 64, bila kuhamisha faili hata moja.

Pingamizi la tatu linahusu faragha, na hapa mtetezi wa ghala hana pa kujificha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inampa Mkenya haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Kilichoandikwa kwenye mnyororo wa umma hakifutiki, wala hakuna meneja wa kuandikiwa barua. Mkasa wa Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, umeshatoa onyo: serikali iliusimamisha Agosti 2023 baada ya foleni ndefu za watu waliokuwa wakikaguliwa macho jijini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya kimaumbile ifutwe ndani ya siku saba. Mahakama iliweza kuamuru hivyo kwa kuwa kuna mtu wa kuamriwa. Hata alama yenyewe yafaa iandaliwe kwa uangalifu. Kitambulisho cha Kenya cha tarakimu nane kina uwezekano usiozidi milioni 100, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu nambari zote kwa muda mfupi hadi ipate iliyofanana na alama. Kwa sababu hiyo faili huchanganywa na nambari ndefu ya siri kabla ya alama kutolewa. Mtoa huduma asiyejua hatua hiyo hastahili kupewa kitambulisho cha mtu.

Jambo la nne ni uhai wa mnyororo wenyewe, na Kenya ina mfano wake wa nyumbani. Shirika la Grassroots Economics la Will Ruddick lilianza na vocha za karatasi: Bangla-Pesa ya Mombasa mwaka 2013, iliyomfikisha yeye na wenzake mahakamani kabla ya mashtaka kuondolewa. Baadaye vocha hizo zikawa Sarafu ya kidijitali, na ushirikiano na Msalaba Mwekundu wa Kenya ukaifikisha Mukuru, Nairobi. Katika miaka michache Sarafu ilihama kutoka mnyororo wa POA hadi xDai, na hatimaye Celo. Na Machi 2025 Celo nayo ikaacha kujitegemea ikawa tawi la Ethereum. Kwa biashara ya malipo ya kila siku, kuhama si kosa. Kwa kumbukumbu inayotakiwa kusomwa na wajukuu, ni onyo. Kumbukumbu ya kudumu huishi umri wa mnyororo inakokaa, na minyororo midogo hufa, huungana au hubadilishwa sheria. Alama ya herufi na tarakimu 64 inaweza kuandikwa kwenye mtandao mkubwa, na hata katika miwili, kwa gharama ileile ndogo. Ghala halihamishiki hivyo.

Basi soko liko wapi? Liko kwenye biashara ambazo Dandora inazo tayari. Saiba za mtaani, zinazowafanyia watu maombi ya eCitizen na marejesho ya kodi ya KRA, zina skana na wateja. Mawakili wana muhuri, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hudai cheti kwa nyaraka za kielektroniki zinazoletwa mahakamani. Huduma inayounganisha hao wawili, yaani skani, alama na cheti kwa ada ya chini, ina mteja leo. Jaa la taka la Dandora nalo lina soko lake. Lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na bado waokotaji huuzia mabroka plastiki kwa kilo humo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawawajibisha wazalishaji kwa taka za bidhaa zao, hivyo kampuni zitahitaji uthibitisho wa kilo zilizokusanywa. Risiti ya mizani iliyopigwa muhuri siku ileile haizuii mizani kudanganya, ila inafanya iwe vigumu kuuza kilo zilezile mara mbili. Vyama vya akiba navyo vinaweza kupiga muhuri daftari kila mkutano, ili mwekahazina asiweze kuandika upya mwezi uliopita.

Sharti moja haliepukiki: alama bila faili ni risiti bila mzigo. Ghala lazima liwepo, na litaendelea kuwa nyumbani, kwa wakili, kwa mwenyekiti wa chama na kwenye nakala za kompyuta zilizotawanywa. Kwa hiyo, msomaji, ukijiwa na mtu anayetaka kuiweka barua ya ploti yako kwenye blokcheni milele, muulize maswali matatu. Anaweka faili au alama? Anaiandika kwenye mnyororo upi? Na kampuni yake ikifungwa kesho, utauthibitisha muhuri huo bila yeye kwa njia gani? Akishindwa hata na moja, funga bahasha yako urudi nayo nyumbani.