Bae Wako ni wa Majuu? Cheti cha Ndoa Si Pemiti

Bae ameshuka Nairobi na anataka kufungua joint ya kahawa Kilimani. Poa, lakini ile dependant pass atapewa juu yako ni ya kuishi hapa, si ya kusaka doo.

Biashara inataka pemiti ya Class G, na lazima aonyeshe mtaji wa dola 100,000. Soma tena, dola!

Kuandikisha duka kwa jina lako hakumalizi story. Akishikwa kwa kaunta akiuza bila pemiti, ni faini hadi nusu milioni ama jela hadi miaka 3, ama zote.

Uraia ungemuokoa, lakini Katiba inataka ndoa ifikishe miaka 7 ndio aombe. So kwa sasa, msee, vikombe utaosha wewe.