Kibati kilichokwama Mji wa Kale: Jinsi ya kukirudisha safarini

KIBATI kidogo cha alumini, umbo lake kama kile wanajeshi wanachovaa shingoni, kikiokotwa katika vichochoro vinavyotoka Ngome ya Yesu kuelekea Ndia Kuu, si ajabu aliyekiokota akakidhania pambo la funguo lililomponyoka mtalii. Kimechorwa mdudu mwenye mistari myeusi mgongoni, kina mfululizo wa herufi na tarakimu, na mara nyingi kimefungwa kwa mnyororo kwenye mwanasesere au kigari cha kuchezea.

Kitu hicho hakikutupwa. Mwenyewe, pengine aliye Ujerumani au Marekani, alikituma safari, nacho kimekwama njiani.

Mchezo unaohusika huitwa jiokashi. Ulizaliwa Mei 2000, baada ya serikali ya Marekani kuondoa hitilafu iliyokuwa ikiitia kwa makusudi katika mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Mei 3, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti na kuwaalika wengine waitafute. Leo visanduku vya aina hiyo duniani vimepita milioni tatu, na kanuni ya awali ingali ileile: anayekipata huandika jina lake katika daftari lililomo, na akichukua kitu huacha kingine.

Kibati kilikuja mwaka 2001, kikitolewa na kampuni ya Groundspeak ya Seattle, na hicho hakimo katika kanuni ya kuchukua na kuacha. Kila kibati kina ukurasa wake kwenye intaneti, ambapo mwenyewe ameandika shabaha ya safari: kufika ikweta, kuona bahari tatu, kuzuru ngome za kale. Kimoja kilipelekwa na Richard Garriott kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2008, na chombo cha Perseverance kilichotua Mars mwaka 2021 kina nambari ya namna hiyo. Lakini vilivyo vingi havina makuu. Ni vya wanafunzi wanaojifunza jiografia kwa kufuatilia ramani, au vya familia iliyotaka kumbukumbu ya marehemu wao iendelee kutembea. Kibati cha namna hii kikilala miaka mitano ndani ya mtoto wa meza, kuna mtu ng’ambo anayefungua ukurasa uleule na kukuta tarehe ileile.

Vibati hukwama kwa sababu za kawaida kabisa. Mgeni hukichukua siku ya mwisho ya likizo, akasahau kukisajili. Kisanduku huoza kwa unyevu na chumvi ya pwani, au hufagiliwa pamoja na taka. Hatari huzidi mahali penye wageni wengi na wachezaji wenyeji wachache, kwa kuwa hakuna wa kupita kila mwezi kukagua.

Wakazi wa Mji wa Kale hawahitaji kufundishwa adabu ya kitu cha kuokota. Sheria ya Kiislamu humtaka aliyeokota mali yenye thamani aitangaze mwaka mzima kabla ya kufikiria kuitumia. Kwa kibati, kutangaza huko kumerahisishwa: anwani ya mwenyewe imo katika ile nambari.

Hatua ya kwanza ni kufungua tovuti ya mchezo, kujiandikisha bila malipo na kuingiza nambari iliyochongwa. Hapo patatokea jina la mwenye kibati, shabaha yake na mahali kinapodhaniwa kuwa. Ikiwa rekodi zinasema kingali ndani ya kisanduku fulani Nairobi ilhali kiko mkononi Mombasa, mfumo unaruhusu aliyenacho kukihamishia kwake, mradi anayo nambari hiyo. Kuandika tu kwamba kimeonekana hakutoshi, kwani kumbukumbu hubaki palepale.

Nambari hiyo isipigwe picha na kusambazwa. Nambari ya kuonyeshwa hadharani ni nyingine, inayoanza na herufi TB. Iliyochongwa ndiyo ithibati kwamba msemaji amekishika kitu chenyewe. Kisha mwenyewe aandikiwe. Huenda, kwa kukata tamaa, amekwisha kutuma nakala, maana kibati huuzwa pamoja na pacha wake mwenye nambari hiyohiyo. Viwili vikizunguka kwa pamoja, ramani itaonyesha msafiri mmoja akiruka kutoka bara hadi bara kwa siku moja.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi wenye nia njema: kukiachilia. Kishawishi ni kukisukuma katika ufa wa ukuta wa Ngome, na hilo ni kosa. Ngome hiyo, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ilikuwa gereza hadi 1958 na imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Jiwe lake la matumbawe halichokonolewi kwa ajili ya mchezo, na kanuni za jiokashi zenyewe zinakataza kufukia kisanduku ardhini au kukiweka bila idhini ya mwenye mahali.

Ipo pia hofu isiyopaswa kudharauliwa. Mji ulioshuhudia shambulizi la Kikambala la Novemba 2002 hauwezi kulaumiwa ukiita polisi kwa ajili ya kikopo kilichofichwa chini ya jiwe. Mwaka 2011 wataalamu wa mabomu walikilipua kisanduku cha mchezo huu katika mji wa Wetherby, Uingereza.

Ndani ya jumba la makumbusho la Ngome vimo vitu vilivyotolewa katika meli ya Wareno ya Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele mwaka 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977. Kitu cha makumbusho hupewa nambari ili kisitoke mahali pake. Kibati hupewa nambari ili kitoke, na kukiacha humo pia ni kukifunga.

Basi kitiwe katika kisanduku kilicho hai, yaani kile ambacho daftari lake la mtandaoni linaonyesha kimetembelewa siku za karibuni. Kikikosekana, kikabidhiwe mkono kwa mkono mchezaji anayesafiri, naye akisajili papo hapo kabla ya kupanda ndege. Kilomita zitahesabiwa atakapokitia katika kisanduku cha huko aendako.