Unataka mziki mnene kwenye Fuso? Anza na waya, spika baadaye

Ukiwa unatoka Isaka kwenda Kahama, ukakata Kakola au ukasonga mpaka Geita, redio ndiyo mwenzako wa safari. Safari ni ndefu, vumbi ni jingi, na spika zilizokuja na gari kutoka kiwandani mara nyingi zimeshachoka. Karatasi imechanika, besi imepotea, sauti inakwaruza. Suka anaamua kufunga mziki mpya.

Hakuna ubaya hapo. Shida ni kwamba mkwanja wote unaishia kwenye spika na sabufa, halafu waya zinafungwa chapchap. Kwenye lori, waya ndizo zinazoua betri, na ndizo zinazoweza kuwasha moto ndani ya kebini. Haya ndiyo ya kujua kabla hujamkabidhi fundi gari.

Lori lina volti 24, mziki una volti 12

Noah au Hiace inatumia volti 12. Malori mengi, zikiwemo Fuso kubwa na Scania, yanatumia volti 24: betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa kufuatana.

Redio na amplifaya nyingi zinazouzwa madukani ni za volti 12. Ukizipa 24 moja kwa moja, zinaungua. Hapo baadhi ya mafundi wanatumia njia ya mkato: wanachukua volti 12 kutoka kwenye betri moja tu kati ya zile mbili.

Mziki utapiga, na siku ya kwanza utafurahi. Lakini alternata inachaji betri zote mbili kwa pamoja, kama vile ni moja. Betri inayolisha mziki inabaki na chaji pungufu kila siku. Mwenzake inachajiwa kupita kiasi, inachemka na kukausha maji. Mwisho wa siku zote mbili zinakufa kabla ya wakati.

Kwa mtu aliyebeba mawe ya dhahabu kupeleka kwenye karasha, au mzigo wa kuvuka mpaka kwenda Rwanda, asubuhi moja ya gari kugoma kuwaka ni hasara. Na betri za lori zinanunuliwa mbili kwa mpigo, kwa sababu betri mpya na chakavu hazikai vizuri pamoja.

Dawa ni konveta

Konveta ya 24 kwenda 12 inachukua umeme kutoka betri zote mbili kwa usawa. Cha kuangalia ni ampea zake.

Hesabu ni rahisi: gawanya wati kwa volti. Amplifaya inayovuta wati 300 kwenye volti 12 inahitaji ampea 25, kwa hiyo chukua konveta ya 30. Kwa redio peke yake, konveta ya ampea 10 kwa kawaida inatosha. Ifunge sehemu inayopitisha hewa, kwa sababu inapata joto. Usiifukie chini ya godoro la kulalia.

Fyuzi inalinda waya

Wengi wanadhani fyuzi ndogo iliyo nyuma ya redio inatosha. Ile inalinda redio tu. Waya mrefu unaotoka kwenye betri mpaka ndani ya kebini hauna ulinzi wowote kama hakuna fyuzi mwanzoni kabisa.

Betri za lori zinaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya ukipiga shoti kwenye chasisi bila fyuzi, unakuwa mwekundu kama kaa la moto ndani ya sekunde chache, na plastiki yake inashika moto.

Kwa hiyo weka fyuzi karibu na betri, isizidi nusu mita. Kwa konveta ya ampea 30, fyuzi ya 20 upande wa betri na ya 30 upande wa amplifaya zinafaa. Ikikatika, tafuta shoti ilipo. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge kipande cha waya mahali pake.

Barabara za vumbi zinakula waya

Kwenye barabara za machimbo gari linatetemeka kutwa nzima. Waya unaopita kwenye tundu la bati bila mpira utasuguliwa mpaka shaba ionekane. Dai mpira kila tundu, na waya ufungwe vizuri kila baada ya sentimita chache ili usicheze.

Maungio ya kusokota na kuzungushia tepu nayo hayadumu. Joto la mchana linayeyusha gundi, tepu inaachia. Konekta za kubana ni bora zaidi.

Kagua na waya wenyewe. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaofanana kabisa na shaba halisi. Kwaruza ncha kwa kisu: ndani kukiwa cheupe, ni alumini. Unapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, na unapata joto haraka.

Sasa njoo kwenye spika

Usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. Tafuta wati zilizoandikwa RMS. Hizo ndizo spika inazihimili muda wote. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4, kwa matumizi ya kawaida hutoa kama 15 hadi 20 kwa kila spika.

Angalia pia omu. Redio nyingi zimetengenezwa kwa spika za omu 4. Ukiunga mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja, zinakuwa omu 2, na redio inachemka.

Waya hasi wa spika usiungwe kwenye bodi ya gari. Redio nyingi za kisasa zinaharibika hapo hapo.

Ili kujua chanya na hasi ya spika, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Karatasi ikisukumwa nje, upande uliogusana na chanya ya betri ndio chanya. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea hata kama umenunua ya bei ghali.

Jambo lingine: redio nyingi zilizokuja na magari ya Japani zinaishia FM 90, wakati Tanzania masafa yanaenda mpaka 108. Kama vituo vingi havikamati, tatizo ni redio, spika mpya hazitasaidia.

Kama unaendesha gari la mafuta

Magari ya mafuta yana swichi kuu ya kukata umeme wote. Usikubali fundi aunge mziki moja kwa moja kwenye betri akairuka swichi hiyo. Cheche moja inatosha kuleta maafa.

Kumbuka pia kwamba bima ndogo inalipa hasara ya wengine tu. Gari lako likiungua, hasara ni yako. Mwenye bima kubwa naye asome masharti kuhusu vifaa vilivyoongezwa. Kuwa na mtungi wa kuzimia moto ndani ya kebini, na hifadhi namba ya Zimamoto: 114.

Muulize fundi kabla ya kulipa

1. Umeme unatoka betri moja au zote mbili kupitia konveta?
2. Fyuzi iko wapi, na ni ya ampea ngapi?
3. Waya ni shaba au alumini?
4. Kila tundu la bati lina mpira?
5. Nikizima redio, amplifaya nayo inazima?

Baada ya hapo, washa mziki kwa nusu saa, kisha shika waya na konekta kwa mkono. Vuguvugu si tatizo. Ukishindwa kushikilia, gari lisiondoke gereji.