Kwa nini bati liko milimani na gari hukwama bondeni: ardhi ya Mbarara, Nakivale na Kikagati

Lori linalotoka Mbarara kwenda Kikagati, mpakani mwa Uganda na Tanzania, hupita kwanza katika bonde pana la Masha, hupanda vilima vya Isingiro, kisha hushuka hadi mto Kagera. Njia hiyo ya lami ina urefu wa takriban kilomita 74. Mashariki yake yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako mahindi na maharage hupakiwa kwenda soko la Mbarara.

Wafanyabiashara wengi wanaijua njia hii kwa mashimo na miteremko yake. Sababu ya miteremko hiyo ndiyo pia sababu ya kupatikana kwa madini ya bati, moramu ya barabara na vinamasi vinavyosumbua magari wakati wa masika.

Mabonde kama bakuli

Masha ni moja ya mabonde ya Ankole yenye umbo la bakuli, tambarare katikati na kuzungukwa na vilima vyenye migongo mikali. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita eneo hili lilikuwa chini ya maji. Mchanga na tope vilitanda tabaka juu ya tabaka, vikagandamizwa vikawa mwamba. Mchanga uligeuka kwatzaiti, mwamba mgumu sana. Tope likawa mwamba laini unaopasuka vipande vyembamba. Baadaye matabaka hayo yalikunjwa na kuinuka kama kuba, huku granaiti ikiwa chini yake.

Mvua na jua viliikwangua kuba hiyo kwa muda mrefu mpaka granaiti ikafunuliwa. Wengi hudhani granaiti haiwezi kushindwa na mvua. Katika nchi ya joto na unyevu, sehemu ya chembe zake huoza polepole zikawa udongo wa mfinyanzi, na maji huzichukua. Kwatzaiti haiozi hivyo. Kwa hiyo katikati pamechimbika na kuwa bonde, na kingo zimebaki juu zikawa vilima. Ndiyo maana dereva hupanda ukingo wa bakuli akitoka Masha, na hushuka tena upande wa pili.

Bati lilitoka wapi

Karibu miaka bilioni moja iliyopita, granaiti nyingine ilipenya katika miamba hiyo kutoka chini. Maji ya moto yaliyobeba madini yalipita katika nyufa na kuacha mishipa ya mawe meupe yenye kasiterite, yaani mawe ya bati. Mkanda huo huo wa miamba unaendelea hadi Karagwe nchini Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kwa hiyo mchimbaji wa Kivu na wa Isingiro huchimba madini ya ukoo mmoja.

Uchimbaji wa bati kusini magharibi mwa Uganda ulianza miaka ya 1920. Mgodi wa Mwirasandu, katika wilaya ya sasa ya Ntungamo, na ule wa Kikagati ndiyo inayojulikana zaidi. Kikagati palijengwa kituo kidogo cha umeme wa maji katika miaka ya 1930 kwa ajili ya mgodi. Kiliharibiwa katika vita vya mwaka 1979. Leo kuna kituo kipya cha megawati 14 kwenye mto Kagera, na umeme wake hugawanywa kati ya Uganda na Tanzania.

Mmomonyoko ulimsaidia mchimbaji mdogo. Mishipa ilipovunjika, mawe ya bati, ambayo ni mazito, yalibaki katika changarawe za vijito huku mchanga mwepesi ukisombwa. Ndiyo maana wengine huosha changarawe bondeni bila kupasua mwamba.

Mito iliyogeuzwa

Zamani mito ya Kagera, Katonga na Rwizi ilielekea magharibi. Ardhi ilipoinuka kandokando ya Bonde la Ufa, maji yalikosa njia na kurudi mashariki. Mabonde yakawa na mteremko mdogo sana, maji yakatuama, na hapo yakatokea maziwa yenye kina kifupi kama Mburo na Nakivale pamoja na vinamasi vya mafunjo. Eneo la Mburo na Nakivale liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Maji yasiyo na mwendo hayawezi kusukuma tope. Mlima ukikatwa miti, au mashimo ya mgodi na machimbo ya mawe yakiachwa wazi, udongo hushuka na kuziba kalvati, kisha huishia ziwani. Ziwa Nakivale ndilo linalosafishwa maji ya kunywa ya makazi. Tope likizidi, barabara na maji ya kunywa huharibika pamoja.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli huanza Septemba hadi Desemba. Njia za moramu zilizo juu ya vilima hukauka mapema. Zile za bondeni, juu ya udongo wa mfinyanzi, hubaki na utelezi hata mvua ikikatika.

Pili, uzito. Gunia la mawe ya bati lina uzito wa zaidi ya mara mbili ya gunia kama hilo la mchanga. Lori linaweza kuonekana nusu tupu na bado likazidisha mzigo kwenye ekseli. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima, na kila ekseli hupimwa pia.

Tatu, hati. Bati ni miongoni mwa madini manne, pamoja na tantalamu, tangsteni na dhahabu, yanayohitaji cheti cha asili chini ya utaratibu wa nchi za Maziwa Makuu uliokubaliwa Lusaka mwaka 2010. Kwa kuwa mwamba ni mmoja pande zote za mipaka, jiwe likitazamwa kwa macho halisemi limetoka nchi gani. Linalosema ni karatasi, na mzigo usio na karatasi hukamatwa hata kama umechimbwa Isingiro.