Chapa za kale za Uingereza na funzo kutoka Doha

Mwaka 2009, Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar, yenye makao yake Doha, ilinunua mnadani picha ya rangi za mafuta kwa zaidi ya pauni 500,000. William Hoare aliichora mwaka 1733. Inamwonyesha Ayuba Suleiman Diallo, msomi wa Kiislamu kutoka Bundu, katika Senegal ya leo, aliyeuzwa utumwani Maryland kisha akakombolewa. Shingoni amevaa msahafu.

Uingereza ilizuia kwa muda picha hiyo isitoke nchini. Jumba la National Portrait Gallery likachangisha fedha ili liinunue, lakini Qatar haikukubali kuiuza. Badala yake iliwaazima Waingereza, nayo ikaanza kuonyeshwa London mwezi Januari mwaka 2011.

Chanzo cha mvutano huo ni kwamba picha ya mafuta ni moja tu. Mkusanyaji asiye na hazina ya taifa ana njia nyingine ya kuzipata sura za enzi hiyo ya wafalme wa jina la George, iliyoanza mwaka 1714 hadi 1830. Njia hiyo ni chapa za mezotinti.

Fundi alilikwaruza bamba la shaba kwa chuma chenye meno, hata likawa na uso wa kuparuza. Lau lingepakwa wino wakati huo, lingetoa weusi mtupu. Kisha alilainisha sehemu zilizohitaji mwanga. Hivyo sura ilitolewa gizani hatua kwa hatua.

Ndivyo John Faber alivyochapa, mwaka 1749, sura ya William Ansah Sessarakoo, mwana wa mkuu wa Anomabu, Ghana ya leo, aliyeuzwa Barbados kwa hila kabla ya kukombolewa na kupokewa kwa heshima London.

Mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Bamba huchakaa upesi, na nakala za mwisho huwa na weusi uliofifia. Aidha, karatasi ya mwaka 1749 ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha mistari. Karatasi isiyo na mistari ilianza kutumiwa katika vitabu vya Uingereza mwaka 1757. Chapa ikikosa mistari hiyo, ilitolewa baadaye. Na katika miji ya pwani yenye jua kali na unyevu, kama Doha, yafaa itundikwe mbali na dirisha.

Nakala moja ikiwa London, nyingine yaweza kukaa Doha, Accra au Mombasa, pasipo mtu kunyang'anywa.