Vinasaba vya bakteria vyaangusha soko la poloni

Soko la nyama za kusindikwa nchini Afrika Kusini lilitikisika Jumatatu ya Machi 5, 2018. Siku moja kabla, Waziri wa Afya, Dk. Aaron Motsoaledi, alikuwa amekitaja kiwanda cha Enterprise cha Polokwane, mali ya kampuni ya Tiger Brands, kuwa chanzo cha maradhi ya listeria yaliyokuwa yakiua watu tangu 2017. Hisa za kampuni hiyo ziliporomoka mjini Johannesburg, maduka makubwa yakaondoa poloni kwenye rafu, na nchi jirani, zikiwamo Msumbiji, Zambia, Botswana na Namibia, zikazuia bidhaa hizo kuingia.

Kwa malalamiko ya walaji peke yake waziri asingethubutu kutaja jina. Alikuwa na majibu ya maabara mkononi.

Listeria ni mdudu mgumu kumkamata. Mtu huweza kuanza kuumwa hata siku 70 baada ya kula, wakati risiti imeshatupwa na mabaki hayapo. Nani anakumbuka alichokula miezi miwili iliyopita? Tena bakteria huyu huzaliana hata ndani ya jokofu, na poloni, ile soseji nene ya bei nafuu inayowekwa kwenye mkate, huliwa bila kupashwa moto. Zamani mwenye kiwanda angeweza kudai kuwa mali yake iliharibikia dukani au nyumbani kwa mteja, na ingekuwa vigumu kumbishia.

Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza ya nchi hiyo (NICD) ilianzia kwa wagonjwa. Bakteria walioteshwa kutoka damu na maji ya uti wa mgongo walisomwa vinasaba vyao vyote, herufi karibu milioni 3 kwa kila mmoja. Zaidi ya sampuli 9 katika kila 10 zilikuwa za ukoo mmoja uitwao ST6. Wagonjwa walitoka majimbo mbalimbali na hawakujuana. Mfanyabiashara yeyote angeelewa maana yake: chanzo ni kimoja, na mali yake inasambazwa nchi nzima.

Chakula chenyewe kilijulikana baada ya Januari 2018, watoto wa kituo cha kulelea watoto Soweto walipofikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Maofisa walifungua jokofu la kituo wakakuta poloni, na ilipopimwa ikakutwa na listeria. Upelelezi ukafika Polokwane, ambako sampuli za ndani ya kiwanda zilitoa ST6 ile ile ya wagonjwa.

Hadi Julai 2018 wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060, na vifo vilivyojulikana 216. Asilimia 42 ya wagonjwa hao walikuwa vichanga wa siku zisizozidi 28. Hasara ya hisa ni ndogo mbele ya hesabu hiyo.

Hata hivyo, soko halikuchagua wa kumwadhibu. Bei ya nguruwe ilianguka na wafugaji wakaumia, ingawa nyama mbichi hupikwa na moto humuua mdudu huyo. Kiwanda cha Rainbow cha Wolwehoek nacho kilikutwa na listeria na kuamriwa kuondoa bidhaa zake madukani, lakini ukoo wa ST6 haukuonekana humo. Kipimo kilichomtia hatiani jirani yake ndicho kilichompa Rainbow utetezi, jambo ambalo wenye viwanda wanaoogopa kupimwa hawalitazami sana.

Mlipuko ulitangazwa kwisha Septemba 2018. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg iliruhusu waathirika kuishitaki Tiger Brands kwa pamoja, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikatangaza kuuza biashara yake ya nyama za kusindikwa.